Nilisema ni vya Masikio

Bwana Mhariri, jina langu liache. Andika tu kwamba ni mama mmoja wa upande wa Njombe, Mkristo, aliyefunga mdomo siku aliyotakiwa kuufungua, na mwanawe ndiye aliyelipa. Hata majina ya watu humu ndani si yao, nimewapa mengine.

Na wewe msomaji, jifanye umekaa nami jikoni tunamenya viazi. Hapo nitaweza kusema. Nikikufikiria umeketi barazani na miwani yako nitashindwa, nitarudia uongo uleule.

Kosa ni langu. Si la wazee wa kanisa, ingawa wao ndio waliochekwa. Wao walisikia baridi tu.

Kwanza nikueleze habari ya chumvi, maana bila hiyo hutanielewa. Kwetu mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye chakula. Anamwita mtoto mdogo atie. Mtoto akiwa hayupo, chakula kinaliwa hivyohivyo. Baba mwenye nyumba anaonja mboga, anaona haina chumvi, anatazama ukuta, anakula. Hakuna anayesema kitu. Mume wangu ni seremala na ni mzee wa kanisa. Juu ya mbao anaweza kusema mpaka jua lizame. Lakini tangu anioe hajawahi kuniuliza chumvi iko wapi. Nami niliipenda adabu hiyo. Nililelewa nayo.

Binti naye mambo hayo haambiwi na mama yake. Anaambiwa na bibi, au shangazi. Mama unajifanya huoni.

Sasa binti yangu, huyu nimwite Yudita, alikuwa Darasa la Nne. Mwalimu alisema akifanya vizuri mtihani atachaguliwa kwenda shule ya kati ya wasichana, ya kulala hukohuko. Mwenzangu, unajua ni wasichana wangapi wa kijijini kwetu waliokwenda huko? Mpaka leo hakuna. Mimi nimejua kusoma ukubwani, katika masomo ya jioni, nikiwa na mtoto mgongoni. Yudita alikuwa ananisahihisha herufi zangu. Nilikuwa namwombea mtihani ule kila nikipiga magoti, mpaka nikasahau kuomba mvua.

Lakini mwaka ule kulitokea jambo la Ester. Ester alikuwa anakaa benchi moja na Yudita. Siku moja mwalimu akamwita ubaoni kufanya hesabu. Akasimama, akaenda, akaandika, na jibu lilikuwa sawa. Wavulana nyuma yake wakaanza kucheka. Hawakuwa wanacheka hesabu. Ester akaangalia gauni lake, akatoka mlangoni, hakurudi tena. Sasa ameolewa huko Mdandu na ana mtoto.

Tangu hapo Yudita siku zake zikifika haendi shule. Anasema kichwa kinamuuma. Mwalimu anasema wasichana ni wavivu. Mimi natazama ukuta, kama baba yake.

Aliyetufumbua macho ni mkunga aliyekuja kutufundisha akina mama usafi wa watoto. Alikuwa dada mdogo tu, lakini hana haya hata kidogo. Akasema, "Mama zangu, mabinti wenu wanavaa nini?" Tukatazamana. Mama Neema, rafiki yangu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akajibu, "Wanavaa wasiwasi." Tukacheka sana, kisha tukanyamaza sana.

Mkunga akatuonyesha kushona vitambaa. Kitambaa cha amerikani nje, ndani vipande vya blanketi laini, kirefu kama hivi, kinene katikati, na kamba mbili kila upande za kufunga kwenye mshipi wa kiunoni. Unafua kwa sabuni, unaanika juani. Alisisitiza hilo la jua. Akasema kitambaa kikifichwa uvunguni kibichi kinaleta ugonjwa, jua halina haya na ninyi msiwe nayo.

Tukashona. Kila baada ya somo la jioni tunabaki kanisani, tunafunga mlango, tunashona. Blanketi tulilipata kwa mama mmoja aliyeachiwa na mwanawe mwanajeshi, na lilikuwa moja tu. Kwa hiyo vitambaa vilitosha mabinti wa Darasa la Nne basi, na cha akiba kidogo.

Hapo ndipo kiburi changu kilipoingia. Nilikuwa nimejua kuandika, na mtu aliyejua kuandika ukubwani anataka kuandika kila kitu. Nimeandika jina langu hadi kwenye mpini wa jembe. Basi nikasema, jamani, vitambaa visichanganyike, kila binti awe na jina lake. Nikachukua uzi mwekundu nikayatia: YUDITA. NAOMI. RUTH. MARIA. TWILUMBA. Herufi kubwa, wazi, za kusomeka ng'ambo ya bonde.

Kisha nikavifua vyote mara ya kwanza ili amerikani ilainike, nikavianika kwenye ua wa kanisa. Siku ile ilikuwa siku ya kazi, hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa zuri lakini baridi ya Juni, unaijua baridi yetu ya Juni, nyasi asubuhi zinakuwa nyeupe. Mama Neema na mimi tukakaa kando tukitwanga maneno.

Mara tukasikia kikohozi. Mzee wa Kengele.

Huyu ni mzee anayepiga kengele ya kanisa tangu enzi za Wajerumani, mtu mzito, hata mchungaji anamwogopa. Nyuma yake wakaja wazee wenzake, wamekuja kupanga safari. Kesho yake walikuwa wanakwenda Makambako kwenye mkutano wa wazee wa makanisa, kwa lori, lori la wazi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba."

Akatazama ua. Akatembea polepole kutoka kitambaa hadi kitambaa kama mtu anayekagua mahindi. Akakishika kimoja.

"Hivi ni nini?"

Mwenzangu, hapo ndipo. Ningesema, "Baba, ni mambo ya akina mama," angekiachia kama ameshika kaa la moto, na hadithi ingeishia hapo. Hata hilo sikuweza. Nilimtazama mzee, pua imemwiva kwa baridi, masikio yamepauka, na mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Ni vya masikio, baba."

"Vya masikio?"

"Vya kuzuia baridi."

Akakigeuzageuza. Akakiweka utosini, ncha zikashuka huku na huku juu ya masikio, akafunga kamba chini ya kidevu. Akasimama. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeingia jikoni kwenye moto.

"Wazee," akasema, "njooni."

Wakaja. Wakavaa. Mmoja akampiga mwenzake kofi la sikio, akauliza, "Umesikia?" Mwenzake akasema, "Sikusikia kitu." Wakafurahi wote. Mzee wa Kengele akanishika mkono akasema, "Mama, tumekuwa tukisafiri kwenda Makambako na upepo ule miaka yote, na hakuna aliyetufikiria. Mungu akubariki."

Nikasema amina. Nilisema amina, Bwana Mhariri.

Walipoondoka ua ulikuwa mtupu. Mama Neema alikuwa amekaa chini ameshika mbavu.

"Mama Yudita, umefanya nini?"

"Nilikosa la kusema."

"Ungesema ni vya kushikia sufuria."

"Vina kamba."

"Na masikio yana kamba?"

Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia wakirudi nitavichukua taratibu, nitasema nataka kuvifua.

Jioni mume wangu akaingia na NAOMI kichwani. Akaketi kula hivyohivyo. Akaniambia wazee wameguswa sana kuona akina mama wamevitia majina ya wanawake watakatifu. Kulikuwa na ugomvi kidogo, maana wawili walitaka MARIA. Mzee wa Kengele amepata YUDITA. Na yule mzee kiziwi wa bondeni amepata TWILUMBA, akawa anauliza yuko katika kitabu gani cha Biblia, na hakuna aliyetaka kuonekana hajui.

Yudita alikuwa anagawa ugali. Akamtazama baba yake kichwani. Akanitazama mimi. Nikatazama ukuta.

Alijua, maana shangazi yake alikuwa amekwisha kumwambia kinachoshonwa kanisani. Baba yake alipotoka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mtihani ni wiki hii. Je, nikipatwa?"

"Hutapatwa," nikasema. Kana kwamba mimi ndiye ninayepanga.

Wazee wakaenda, wakalala huko. Mtihani ulikuwa ufanyike Njombe mjini, na watoto walitakiwa kuondoka asubuhi na mapema na mwalimu wao, kwa miguu. Asubuhi ya mtihani Yudita hakuja jikoni. Nikamkuta nyuma ya kihenge cha mahindi, amekaa amekumbatia magoti, amevaa gauni lake la shule nililolipiga pasi.

Nikasema, "Matambara yapo."

"Mama, nitatembea nayo mpaka Njombe? Na kule nikae benchi siku nzima na wavulana? Na nikiitwa nisimame?"

Nikamwona Ester ubaoni. Wakati huohuo nikasikia lori linapanda mlima. Wazee wanarudi.

"Ngoja hapa," nikamwambia. "Nakuja nacho."

Nilikimbia. Mimi mama mzima, khanga mkononi. Nikafika kanisani lori linasimama, na wazee wanashuka mmoja mmoja, wamejaa vumbi, na kila mmoja amefungwa kichwa vizuri, jina la uzi mwekundu likionekana. RUTH. MARIA. NAOMI. Kama jamaa wa ukoo mmoja wenye ugonjwa wa meno.

Nikamwendea Mzee wa Kengele.

"Kamwene, baba. Nakiomba hicho kitambaa."

"Eh?"

"Nakiomba kitambaa."

Akafungua sikio moja. "Cha nini?"

"Nikifue."

"Ni safi, mama. Ukikifua leo usiku masikio yangu yataniua."

"Nitakirudisha."

"Mama Yudita," mume wangu akasema, "mwache mzee, ametoka safarini."

"Basi nipe chako."

"Changu? Na upepo huu?" Akawageukia wenzake. "Mnawaona? Juzi wamekupa, leo wanadai."

Wakacheka. Kisha wakaanza kunisimulia, wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa kwa sababu hawakusikiana. Kwamba Makambako kila mtu aliwauliza vimetoka wapi. Kwamba wazee wa Lupembe wanataka vya kwao. Kwamba Bwana DC alikuwa anapita na gari, akasimama kuwasalimia, na mke wake alipowaona akaguswa mno hata akaweka leso usoni, mabega yakamtetemeka, machozi yakamtoka.

"Mama wa Kizungu yule ana moyo," Mzee wa Kengele akasema. "Alilia mpaka akarudi kwenye gari."

Nilijua kilichomliza. Nikasimama pale. Neno lilikuwa dogo. Mume wangu, nipe, ni cha binti yako. Basi. Lilifika hapa kooni, nikalimeza. Nikaona afadhali nionekane mchoyo.

Nilipogeuka nikamwona Yudita amesimama kwenye kona ya ua. Alikuwa amenifuata. Anamtazama Mzee wa Kengele kichwani, anasoma jina lake mwenyewe. Barabarani watoto wenzake walikuwa wanapita na mwalimu, wanaimba. Hakuita. Aligeuka akarudi nyumbani, akavua gauni la shule, akalikunja, akachukua jembe.

Mtihani ulifanyika bila yeye.

Mwalimu alikuja siku ya pili. Akasema mbele ya mume wangu, "Mzee, nilimtegemea huyu. Wasichana hawana nia." Mume wangu akasikitika sana. Akamwambia Yudita amemwaibisha. Na mtoto akakaa kimya, ameinamisha kichwa, ananilindia uongo wangu. Hilo, msomaji, ndilo bado linaniamsha. Nilimlea na adabu, na adabu yake yote ikatumika kunificha mimi.

Nilikwenda kuomba nikiwa peke yangu kanisani. Nilisema, Bwana, nisamehe. Lakini hata kwa Mungu nilikuwa nazungukazunguka, nasema "lile jambo", "vile vitu". Nikajiona ni mpumbavu. Aliyewaumba wanawake nimfiche nini.

Jumapili, baada ya mahubiri, mchungaji akaniita mbele. Kumbe wazee wamepanga kunishukuru. Wamekaa benchi la mbele, kanisa lina baridi, wamevaa wote. Kuna kuku kwenye kapu, wa kwangu. Mchungaji akasema huduma hii imeanza ndogo lakini sasa itafika mbali, akina mama watashona vya Lupembe na vya Makambako, na mablanketi yatatafutwa. Yatatafutwa. Kwa watoto wetu tulihangaika na blanketi moja.

Akaniambia, "Mama, una neno?"

Nikamtafuta Yudita. Alikuwa kwenye benchi la mabinti, wamekaa wamebanana, wanatazama sakafu. Na nafasi ya Ester haipo tena pale.

Nikasema, "Si vya masikio."

Mzee wa Kengele akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema tena. Hawakusikia. Mwenzangu, vitambaa vile vilikuwa vizuri kweli, nilivishona kwa mikono yangu, havipitishi sauti. Wazee wanageuzageuza vichwa. Mchungaji akaniambia, "Kwa nguvu kidogo, mama."

Basi nikasema kwa nguvu. Nikasema ni vya mabinti, vya kuvaa wakiwa katika siku zao, ili waweze kwenda shule. Nikasema hayo majina si ya watakatifu, ni yao. Nikasema Yudita alikosa mtihani kwa sababu chake kilikuwa kichwani kwa mzee na mimi niliona haya kukiomba. Nikasema mwalimu anikosoe mimi, si nia ya mtoto.

Yule kiziwi akamvuta mwenzake mkono.

"Amesema nini?"

Mwenzake hakutaka kumwambia. Akamvuta tena. Mwisho yule mwenzake, mtu wa heshima zake, akamwinamia na kupaza sauti ndani ya nyumba ya Mungu, "NI VYA MABINTI! VYA MWEZI!"

"Vya mwezi gani?" kiziwi akauliza.

Hapo Mama Neema akatoka nje. Tulimsikia huko nje.

Wazee walikaa vilevile. Ukivua, unakishika. Usipovua, umekivaa. Kila mmoja mikono imesimama hewani karibu na kidevu, haijui iende wapi. Mume wangu alikuwa anatazama ukuta, lakini ukuta wa kanisa ni mbali, ikawa kama anamtazama mchungaji.

Aliyesimama wa kwanza ni Mzee wa Kengele. Akafungua kamba. Akakikunja kitambaa mara mbili, vizuri, jina likiwa juu. Akaenda mpaka kwenye benchi la mabinti na fimbo yake.

"Yudita ni nani?"

Mwanangu akasimama.

"Chukua, mwanangu. Kina jina lako. Nimekitia harufu ya tumbaku, mama yako atakifua." Akaongeza, "Nilidhani ni yule wa zamani, wa Maandiko."

Yudita akapokea kwa mikono miwili akapiga goti. Wazee wengine wakafuata, wanauliza majina, mmoja mmoja, NAOMI, RUTH, MARIA, na kiziwi akimtafuta Twilumba benchi zima. Kuku nikamrudisha, mchungaji akasema abaki.

Mtihani haukurudi. Usidhani mambo yalinyooka. Wenzake wawili walichaguliwa, wavulana, na Yudita aliwasindikiza barabarani wakipanda lori. Mwalimu alikubali arudie darasa, na mwaka huu ameufanya mtihani, amekaa benchi siku nzima, jibu bado halijatoka. Umri unakwenda, na shule ile haichukui wakubwa. Akikosa, amekosa kwa sababu yangu, na hakuna kuku atakayelipa hilo.

Mablanketi yalitafutwa. Ile ahadi ya Lupembe na Makambako tuliishikilia, ila sasa vinashonwa kwa kazi yake. Wazee ndio wanaochangisha. Mzee wa Kengele akifika kwenye nyumba ya mtu anasema, "Nimekuja kwa habari ya vitambaa," na mwenye nyumba anatoa haraka ili asiendelee.

Nyumbani, mume wangu hakusema nami kwa muda. Nilimwelewa. Kisha siku moja jioni mboga ikawa haina chumvi. Mdogo wake Yudita hakuwepo, alikuwa ametumwa kuni. Mume wangu akaonja. Akatazama ukuta. Nikasema moyoni, basi, tumerudi palepale.

Akanyanyuka. Akaenda jikoni, mwanamume yule, akarudi na kopo la chumvi, akachota kwa kijiko cha chai kama mtu anayechanganya gundi ya mbao, akatia, akakoroga.

"Nimetia mwenyewe," akasema. "Kuleni."

Ilikuwa haiingii mdomoni. Tulikula wote, hakuna aliyesema kitu, mpaka Yudita akainuka kwenda mtungini kwa mara ya tatu na kicheko kikamtoka. Baba yake naye. Mimi nililia kidogo, nikasingizia chumvi.

Mama unayesoma hili, na wewe unayesomewa, binti yako anakutazama unavyotazama ukuta. Sema. Kama huwezi kusema jikoni utakuja kusema kanisani, tena kwa kupaza sauti. Sema wakati vitambaa bado viko kwenye ua, kabla mtu hajavaa.